Karatasi Iliyobaki Chini ya Godoro

Kuna Jumapili moja naikumbuka, mwanangu, ingawa nimehangaika miaka mingi kuisahau. Umekuja kuniuliza kama mali yako uiandikie wosia tu yaishe, au uiweke mikononi mwa wadhamini kama wakili wako anavyokushauri. Umeniuliza kwa adabu, ukaniletea na sukari. Basi kaa. Mimi si wakili, ila hasara ya jambo hilo naijua vizuri mno, na nitakueleza ilivyokuwa bila kujipendelea.

Ilikuwa kiangazi, hapa hapa Songea, mtaa wa Lizaboni, miaka ile biashara ilipofunguliwa. Zamani mahindi tulipeleka kwenye ushirika, tukangoja malipo. Sasa wanunuzi walikuja na malori yao mpaka mlangoni, sabuni ikarudi madukani, na mtu mwenye bidii aliweza kujiinua. Kaka yangu Kaspari alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa fundi seremala. Aliuza vitanda na makabati miaka mitatu huku yeye mwenyewe anakula mihogo, mwisho akanunua injini ya dizeli na mashine ya kusaga, akajenga chumba chake ubavuni mwa nyumba. Tangu asubuhi akina mama walipanga foleni na madebe yao ya mahindi. Hata leo nikisikia harufu ya pumba moyo unanilegea.

Kaspari alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Skolastika. Sisi tulimwita Skola. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na mwaka huo huo Skola akaugua homa ya uti wa mgongo. Mwili ulipona, akili haikuendelea. Wakati ninaousimulia alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye meno mazuri, lakini fahamu zake zilikuwa za mtoto wa miaka mitano, na alimwamini kila aliyemchekea. Ukimwomba kanga aliyojitanda alikupa, akabaki anatetemeka kwa baridi na kucheka.

Kazi yake ilikuwa moja. Jioni Kaspari akishafunga chumba cha mashine alimkabidhi ufunguo, naye Skola aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani. Asubuhi alisimama mlangoni akauliza, "Baba, nifungue?" Kaspari alimjibu, "Fungua, mama." Wateja wajae, mvua inyeshe, mlango ule haukufunguliwa na mtu mwingine.

Halafu Kaspari akaanza kuugua. Alikonda, akalazwa Peramiho mara mbili, na aliporudi mara ya pili alijua hana muda. Kufa kwenyewe hakukumtisha. Aliniambia wazi, "Mimi nikifa nimekufa, Gaudensi. Lakini huyu asubuhi atajibiwa na nani?"

Jumapili hiyo aliniita baada ya misa. Nilikuwa na miaka thelathini, mdogo wake wa kumfuata, nina mke na watoto wawili, na maringo ya kutosha ukoo mzima. Nilimkuta ameegemezwa kitandani sebuleni, na wageni wawili wameketi. Mmoja alikuwa Mzee Ponsiano, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa kalamu tatu mfukoni hata kanisani. Mwingine alikuwa Bwana Athumani, Myao wa Nakapanya kule Tunduru, mkulima wa korosho, rafiki wa Kaspari tangu alipomtengenezea milango ya nyumba yake. Mezani palikuwa na pombe ya komoni, na hakuna aliyeigusa: Athumani kwa sababu ya dini yake, Ponsiano kwa sababu ya tumbo lake, kaka kwa sababu ya dawa. Nikajimiminia mimi.

"Shikamoo kaka. Shikamooni wazee."

"Marahaba. Kaa hapa karibu, mlongo wangu," Kaspari alisema. Mlongo kwa Kingoni ni ndugu, na aliniita hivyo pale tu alipokuwa na neno zito.

Neno lenyewe alilieleza Mzee Ponsiano. Kaka alitaka kuandika wosia, amwachie Skola nyumba, kiwanja na mashine. "Wosia ni kitu kizuri," mzee alisema, "na mwenye watoto wazima wenye akili zao hahitaji zaidi ya huo. Lakini wosia utamkabidhi binti mali mkononi mwake. Naomba nikuonyesheni jambo." Akatoa karatasi tupu na kisahani cha wino, akamwita Skola, akatabasamu, akamsogezea. Skola hakuuliza kitu. Alichovya dole gumba, akaligandamiza pale mzee alipomwonyesha, akacheka, akajifuta kwenye gauni.

"Sijamwambia hata karatasi inahusu nini," Ponsiano alisema. "Ingekuwa ni nyumba, imeshakwenda."

Kaspari aligeuza uso ukutani. Nadhani alikuwa analia.

Ndipo mzee akaeleza njia ya pili. Mali isishikwe na Skola, wala isishikwe na mtu mmoja. Iandikwe mikononi mwa wadhamini watatu, waishike kwa faida yake: ale, avae, atibiwe, alale ndani ya nyumba ile mpaka mwisho wa siku zake. Hakuna mmoja wao atakayeweza kuuza wala kuhamisha kitu bila wenzake kukubali. Mmoja akifa, waliobaki watamchagua mwingine na kazi itaendelea. Karatasi ilikuwa tayari. Ponsiano alikuwa ameshatia sahihi, Athumani pia. Mahali pa tatu paliandikwa jina langu, na kalamu ikaletwa kwangu.

Ungeniona wakati ule, mwanangu, ungedhani nimetukanwa matusi ya nguoni.

"Mimi na nani?" niliuliza.

"Wewe na hawa," kaka alisema.

"Kaka, mimi si mtoto wa baba yako? Kwetu mtu akifa mdogo wake anakalishwa kwenye kiti chake, watoto wanamwita baba. Yameisha hayo? Leo unaniletea mtu wa Nakapanya aje anichunge?"

Bwana Athumani hakukasirika. "Mdogo wangu, hapa hakuna anayekuchunga wewe peke yako. Nami utanichunga. Amana hii ni nzito, wallahi. Ningeambiwa niishike peke yangu ningekataa."

"Umekubali kwa sababu unaitamani mashine!"

"Astaghfirullahi," alisema polepole, akatazama sakafu. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile nililomtupia, natamani kujificha.

Nilisukuma kalamu ikaanguka chini. Nikamwambia kaka yangu, mtu anayekufa, kwamba akiweka karatasi kati yangu na mwanawe atakuwa ameshanizika mimi kabla yake. Ponsiano alisema tunaweza kumtafuta mtu mwingine wa tatu, mambo yaende. Kaspari akatikisa kichwa. Kufa akiwa amegombana na ndugu yake kulimshinda. "Bila yeye siandiki," alisema. Akaikunja karatasi, akaisukuma chini ya godoro. "Itakaa hapa. Ukipoa, utaniambia."

Sikupoa. Wiki zote zilizofuata nilikwenda kila siku, nikamwogesha, nikambeba nje kuota jua, nikamtandikia godoro lile lile, na kila siku ningeweza kusema, kaka, hebu lete ile karatasi. Niliona nikisema nitakuwa nimeshindwa na Myao. Mwishoni, hata kijiko cha uji kikimtoka mkononi, alinishika akaniambia, "Basi wewe ndiye karatasi yangu." Nami nilifurahi, mwanangu. Nilidhani nimesifiwa.

Alizikwa. Siku ya kuondoa matanga wazee walinikalisha kwenye kiti chake, kiti cha mninga alichokichonga mwenyewe, wakamwambia Skola, "Huyu ndiye baba yako sasa." Kesho yake alfajiri nikasikia mlango unabishwa. "Baba, nifungue?" Nikajibu, "Fungua, mama," na machozi yakanitoka. Na usinidhanie mnafiki. Miaka mitatu nilimtunza vizuri. Alikula walichokula wanangu, alivaa, mashine ilinguruma. Watu wakanisifu, nami nikaona kweli, karatasi ilikuwa ya nini?

Kisha zikaja habari za Tunduru. Vito. Watu waliondoka na majembe wakarudi na pikipiki, jirani yangu mmoja alirudi na mke wa pili na redio ya kaseti. Mashimo yalikuwa kando ya mto, yakijaa maji kila ukichimba, na mwenye injini ya kuvuta maji ndiye aliyekuwa mfalme. Mimi nilikuwa na injini. Nilijiambia ni kiangazi kimoja tu, nitairudisha na Skola atajengewa nyumba ya matofali ya kuchoma. Ninaapa nilijiambia hivyo. Nikafungua bolti moja moja, nikapakia kwenye lori. Skola alisimama na ufunguo wake akauliza, nami nikamjibu, "Usifungue leo, mama. Injini imekwenda hospitali, itarudi." Akaniamini.

Sikumwomba mtu ruhusa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwomba. Ingekuwa lazima niwaulize wenzangu wawili, Ponsiano angenikatalia kwa kifungu cha sheria, na Athumani, anayeujua mto ule tangu kuzaliwa, angenicheka mpaka akae chini. Ningekasirika, ningewanunia mwaka mzima, na injini ingebaki Lizaboni.

Mvua zilipoanza, mto ulifurika, ukingo ukakatika. Injini ilizama kwenye mchanga hata hatukuona ilipoingilia, nami mguu wangu ukavunjika chini ya magogo ya shimo. Unajua aliyenitoa pale? Athumani. Alisikia kuna Mngoni ameumia, akaja na baiskeli, akanipeleka Nakapanya, nikalala nyumbani kwake masika yote. Barabara ya Songea ilikuwa tope tupu, mabasi yamesimama. Alitaka kuandika barua, ampe mtu wa kwenda kwa miguu hata mpaka Namtumbo. Nilimkataza. Ningewaambia nini watu wa nyumbani kuhusu injini? Nikasema nitarudi nikiwa na kitu mkononi.

Kumbe kondakta wa basi la mwisho alikuwa ameshafikisha habari kwamba watu wa shimo letu wote wamefukiwa. Songea wakanililia. Misa ikasomwa, pombe ikapikwa, na siku ya kuondoa matanga yangu mimi, kwenye kiti kile cha mninga alikalishwa Benitho, mdogo wetu wa mwisho.

Nilifika Lizaboni kiangazi kilichofuata, natembea kwa fimbo. Nitaacha ya mke wangu, alivyopiga yowe na kukimbia. Nilikwenda kwanza nyumbani kwa Kaspari. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu, madirishani mna mapazia ya watu wengine, na chumba cha mashine kilikuwa duka la mitumba. Skola alikuwa ameketi kizingitini, amekonda, gauni limechanika begani, ufunguo shingoni. Mwenye duka alikuwa anamfukuza kwa ufagio, si kwa ukatili, kwa kuchoka tu, maana alikuja kila siku. Aliponiona alisimama. Kwake yeye sikuwa nimekufa, hakuna aliyeweza kumwelewesha.

"Baba, nifungue?"

Nilimshika mkono, nikamwondoa pale kizingitini.

Benitho hakuwa mwizi, na nisingependa umdhanie hivyo. Alikuwa na watoto sita na paa linalovuja. Nilipomkabili hakuficha kitu. "Kaka, mimi niliambiwa umekufa. Wewe na marehemu mlikuwa na maneno yenu, sawa, lakini mimi niliyasikia wapi? Mimi nimemwahidi nani? Mashine imekwenda, nyumba inakula matengenezo, akatokea mnunuzi. Akataka dole la mtoto wa marehemu. Nikamletea Skola karatasi. Aliweka mwenyewe, kaka. Alikuwa anacheka."

Niliujua mcheko ule. Nilikuwa nimeuona sebuleni, komoni mkononi.

Nilikwenda kwa Mzee Ponsiano. Macho yalikuwa yameanza kumwisha. Akaniuliza swali la kikarani, "Una nini cha maandishi?" Nilikuwa nayo ile karatasi. Niliikuta siku tulipotoa kitanda cha marehemu nje, nikaificha kwenye sanduku langu la bati, nisimwonyeshe mtu. Akaisogeza karibu na uso, akapita kwenye sahihi yake, akapita kwenye sahihi ya Athumani, akafika chini. "Hapa ni patupu," alisema. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenipiga. Kesi tulifungua, ikaahirishwa na kuahirishwa, mnunuzi ana barua ya toleo ya kiwanja na hati yenye dole, mimi nina kelele zangu. Mwisho niliacha.

Watu wengi hufa wasione kinachofuata. Mimi nilifufuka nikakiona. Ahadi yangu ilikuwa imehifadhiwa mahali pamoja tu, kifuani mwangu, na nilipodhaniwa nimekufa ilizikwa nami, hakukuwa na mtu wa kuiulizia. Hata kabla ya hapo, nilipokuwa hai na mzima, hakukuwa na mtu wa kunishika mkono nisifungue zile bolti.

Skola amepita hamsini sasa. Umemwona pale nje anaosha ufunguo. Anauosha kila siku. Tumepanga chumba kimoja, mimi na yeye. Mke wangu amefariki, Benitho amefariki, Ponsiano na Athumani nao wamekwenda, Mungu awarehemu wote wawili. Wanangu wako Dar es Salaam. Hawamchukii Skola, hawamjui tu. Mimi hiki kifua unakisikia mwenyewe. Kila asubuhi ananiuliza kama afungue, nami namjibu, "Bado, mama." Nikiondoka sijui atamwuliza nani, na nimewaza usiku na mchana, sijapata jibu. Mwaka jana nilitoa ile karatasi, nikatia sahihi yangu pale palipobaki patupu. Usinicheke. Nilijua haina kazi, nyumba haipo, mashine haipo, walioandika wamekufa. Nilitaka tu iwe imejaa.

Sasa nasaha zangu, ndizo ulizofuata. Wosia andika, mwanangu, andika hata kama una baiskeli moja, uwe na mashahidi wasiorithi kitu. Watoto wako wakiwa wakubwa, wana akili zao na wanaelewana, wosia unatosha, usijitafutie shughuli ya wadhamini kwa sababu tu wakili amekusifia. Ni kazi ile. Mali inatoka mkononi mwako, inaandikwa upya, ina gharama, na inataka watu wa kukutana na kuulizana mwaka hata mwaka. Lakini tazama nyumbani mwako kwa ukweli. Kama yumo mtoto mchanga, au mgonjwa, au mtu kama Skola asiyeweza kukataa karatasi anayoletewa na mtu anayetabasamu, basi wosia peke yake unampa mali ya kunyang'anywa. Huyo muwekee wadhamini, uwaweke mapema, wewe mwenyewe ukiwa na nguvu za kubishana nao. Wasiwe mmoja hata akiwa mwema namna gani. Kaspari hakukosea kunipenda, alikosea kudhani mimi peke yangu natosha. Awemo mtu wa nje ya ukoo asiyetazamia kukalishwa kwenye kiti chako. Na ndugu atakayenuna kwa kuambiwa ana wenzake wa kumwangalia, msikilize, mpe komoni, mwache anune, kisha andika bila yeye. Kaka yangu alinionea huruma siku moja, na binti yake amelipa maisha yake yote.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akuzidishie ulichonacho na akuachie akili ya kukigawa, watoto wako wasiwe na haja ya kumtafuta mtu asubuhi na kumkosa. Akupe mkono mwepesi pale kalamu itakapoletwa kwako. Na ukisikia kwamba Gaudensi amezikwa, na safari hii ni kweli, pita hapa siku moja asubuhi. Utamkuta Skola amesimama mlangoni anauliza. Mjibu.